Kiti cha Dereva

"Shuka, niendeshe mwenyewe," fundi alisema, mkono tayari mlangoni.

Mama Mashuka akashuka. Tangu mumewe afariki, gari hili kuukuu ndilo lililobeba mashuka ya nyumba mbili za wageni: machafu kwenda kwake kufuliwa, masafi kurudi. Sasa lilikuwa na ugonjwa. Linakwenda vizuri, mara injini inakatakata kama mtu aliyepaliwa. Mafundi waliotangulia waliliendesha wasione kitu, na shemeji yake akapata la kusema: "Gari la kaka halina kosa. Mguu wako ndio mbovu." Leo, kama halijapona, angekuja kulichukua. Bila gari, nyumba za wageni zingetafuta mfuaji mwingine kabla wiki haijaisha.

Fundi alizunguka mtaa, akapanda kilima, akarudi anapiga mluzi.

"Gari zima hili, mama. Labda klachi unaikanyaga vibaya."

"Na wewe pia?"

"Nasema nilichoona."

"Hukuona kitu, na ndicho unachosema. Kaa pembeni."

Akaingia yeye; fundi akapanda pembeni, akipakata furushi la mashuka lililokuwa kitini. Hawakufika hata kilimani. Gari likakohoa, likashtuka, likakohoa tena. Fundi akashika dashibodi.

"Huo hapo mguu wangu, uangalie. Umetulia kama umelala."

Fundi akaacha kutabasamu. Walirudi gereji wakishtukashtuka, akafungua boneti, akagusa plagi moja moja, akatikisa nyaya. Hakupata kitu. "Nipishe nijaribu tena," akasema, mkono ukishuka kutafuta chuma cha kusogezea kiti nyuma.

"Usiguse kiti changu!"

Fundi akauondoa mkono.

"Kila mwanamume anayeingia humu anakisukuma mpaka kwa abiria wa nyuma. Kukirudisha ni kuvunja kiuno, na nisipokivuta mbele kabisa siifikii breki. Endesha hivyo hivyo."

"Mama, magoti yatanifika masikioni!"

"Masikio unayo mawili. Endesha."

Akajikunja, magoti yakikumbatia usukani. Hakutoka hata getini. Gari lilikatakata mara tatu, likazima.

Wote wawili wakakitazama kiti.

Fundi akakisukuma kiti nyuma, akawasha. Injini ikanguruma safi. Akakivuta mbele, akajitikisa; ikakohoa. Akatoka, akapiga magoti chini, akafunua zulia. Waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta ulikuwa ukibanwa na reli ya kiti kila kinapovutwa mbele, ganda limechunika, shaba inachungulia.

"Mtu mrefu asingeuona ugonjwa huu maisha yake yote," akasema taratibu. "Nisamehe, mama."

"Funga waya kwanza."

Aliufunga kwa tepu, akaupitisha mbali na reli. Alikuwa anarudisha zulia shemeji alipoingia getini, mkono umekwisha kunyooshwa.

"Ufunguo, shemeji. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kama halijapona."

Mama Mashuka akaingia, akawasha. Injini ikashika mara moja, ikatulia. Akainama, akafungua mlango wa pembeni.

"Panda. Napeleka mashuka, nitakushusha kwako. Kilima tunapita."

Shemeji akamtazama fundi. Fundi, ghafla, alikuwa na spana nyingi za kufuta. Shemeji akatazama barabara inayopanda, kisha furushi la mashuka lililokalia kiti alichoonyeshwa.

"Lipakate tu," mama akasema. "Masafi hayo."

Injini iliendelea kunguruma, mlango ukiwa wazi.