Baridi Iliyobaki Kabatini

Saa nane na nusu mchana mtunza maabara alifuta meza ndefu kwa kitambaa kibichi, akapanga viti saba, akatundika kipimajoto kwenye msumari wa siku zote, karibu na ubao. Kilisoma nyuzi ishirini na saba. Wanafunzi walimwita Mama Chupa, maana tangu aajiriwe, miaka kumi na minne, hawakumwona hata siku moja bila chupa mkononi. Siku hiyo hakuwa nayo, na mikono yake haikujua ikae wapi.

Bodi ya shule ilikutana maabara kwa sababu mwenyekiti alitaka kuona mahali msichana wa kidato cha nne alipoungulia. Mtu mwingine angechagua chumba kingine. Ndani ya maabara ile, tangu ijengwe, uongo ulifyonza joto na ukweli ulitoa joto. Mambo hayo yalishazoeleka. Mwanafunzi akidai daftari kalisahau bwenini, kumbe hajaandika kitu, kipimajoto kilishuka nusu nyuzi na jirani yake akavaa sweta. Mwaka mmoja chumvi za zoezi la kufyonza joto zilipochelewa, mwalimu wa kemia alimsimamisha kiranja mbele ya darasa, akamwambia aseme chakula cha bweni ni kitamu. Bika la maji likafanya utando wa barafu, darasa likachora grafu, na swali hilo wote wakalipata.

Sasa hili la msichana lilianza hivi. Wakaguzi walikuwa njiani, chupa ya asidi dhaifu, ile iliyozimuliwa kwa maji, ilikuwa tupu, na bomba lilikuwa halijatoa hata tone tangu jana yake. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akasema anataka kuona kila chupa imejaa.

"Iliyopo ni ile kali, Mkuu. Haijatiwa maji."

"Jaza tu. Wakaguzi wanatazama, hawaonji."

Akajaza. Wakaguzi wakatazama, wakasifu rafu, wakaenda zao. Mama Chupa alipanga kuirudisha asidi kwenye dumu kesho yake, lakini kesho yake akaitwa kuhesabu madawati, na siku ya tatu kidato cha nne wakaingia kufanya zoezi la joto: changanya asidi dhaifu na alkali, pima joto limepanda nyuzi ngapi. Binti wa fundi cherehani, aliyekaa meza ya pili, alikuwa mwepesi wa mikono, akaanza kabla ya wenzake. Kwenye daftari lake kuna 24, 24, 25, kisha doa la kahawia. Mchanganyiko ulichemka ghafla ukaruka, ukamchoma shavu na mkono wa kulia, ule wa kuandikia.

Mkuu aliandika kwamba msichana alifungua kabati kwa siri akachukua asidi kali ya kuchezea. Adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa, na anayefukuzwa jina lake linafutwa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Chupa ilikuwa imeshaoshwa, na aliyeambiwa aioshe, akaiosha, ni Mama Chupa. Kwa hiyo msichana alibakiwa na mtu mmoja tu wa kumwokoa.

Saa nane na dakika arobaini Mkuu aliingia peke yake.

"Nyumba unayokaa na mama yako ni ya shule, eti?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Na mama bado hatembei?"

"Bado, Mkuu."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu hali."

Maneno ya kwanza yalipandisha kipimajoto nusu nyuzi, maana yalikuwa kweli tupu. Hayo ya mwisho yakakirudisha pale pale.

Wengine walifika saa tisa: mwenyekiti, katibu, mjumbe mmoja mwenye usingizi, fundi cherehani aliyeshika kofia mapajani, na binti yake mwenye bandeji hadi kwenye kiwiko. Mkuu alisimama.

"Kabati lilikuwa limefungwa. Binti alilifungua mwenyewe."

Nyuzi kumi na tisa. Mwenyekiti alifunga vifungo vya koti.

"Tulikuwa tumewaonya mara nyingi."

Nyuzi kumi. Pumzi za watu zikaanza kuonekana. Kalamu ya katibu ikagoma kutoa wino, akachukua penseli.

"Na inaniuma, jamani, kwa sababu mtoto huyu nampenda kama wangu wa kumzaa."

Sifuri. Maji ya mwenyekiti yaliganda kwenye glasi, na mjumbe mwenye usingizi akaamka akauliza kama kuna chai.

Msichana akaambiwa aseme.

"Shikamooni. Chupa niliikuta mezani. Iliandikwa 'iliyozimuliwa'. Nilipima kama tulivyofundishwa."

Barafu ikayeyuka ikachuruzika mezani. Nyuzi ishirini, ishirini na nane, thelathini na tano. Mwenyekiti alivua koti, akajifuta shingo.

"Hebu fungueni madirisha, hili joto halivumiliki!"

"Wazee wangu," alisema fundi cherehani, "mimi kemia siijui, nashona nguo tu. Lakini tangu tukae hapa tunavaa makoti na kuvua. Hamlioni hilo?"

"Tunaliona, mzee. Ila bodi haiamui kwa hali ya hewa." Mwenyekiti akamgeukia Mama Chupa. "Dada, wewe ndiye mwenye funguo. Kwenye chupa ile kulikuwa na nini?"

Mmenyuko wa kutoa joto, hata uwe mkubwa namna gani, huhitaji kusukumwa kidogo mwanzoni. Kuni kavu hukaa mwaka mzima bila kuwaka mpaka zipate njiti. Mama Chupa alilijua hilo vizuri, ndiye aliyegawa njiti kila mwaka. Jibu lilikuwa tayari ulimini, la moto. Fundi cherehani alimtazama. Msichana alimtazama pia, hakumsihi, alingoja tu kama anayengoja kipimajoto kitulie. Mama Chupa alikiona kitanda cha mama yake kikiwa nje uani, na mama juu yake. Aibu ilimshika kabla hajafungua mdomo.

"Sikumbuki," alisema.

Mirija miwili ya kioo ilipasuka kwenye rafu. Nyuzi nne chini ya sifuri. Msichana alifumba macho. Baadaye alimwambia baba yake kwamba tangu aungue, hiyo ndiyo mara pekee shavu liliacha kuuma.

Katibu aliandika kwa penseli: Kikao kilikuwa na baridi. Msichana amefukuzwa. Wote waliopaswa kusaini walisaini, vidole vimekufa ganzi, na Mkuu akawashukuru kwa muda wao.

Faili likawekwa kwenye droo ya pili ya kabati la maabara. Baridi haikutoka kwenye karatasi zile. Wiki ya pili mwalimu wa kemia aligundua kuwa maziwa yake hayaharibiki humo, akawaambia wenzake. Sasa droo ya pili ina maziwa, soda za wageni na chupa za maji, na Mama Chupa ndiye anayegawa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa jua kali, msichana alikuja kuchukua koti lake la maabara. Anashona na baba yake siku hizi, anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Mama Chupa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua, kaa kwanza."

Akammiminia maji. Msichana akanywa funda moja, akashtuka.

"He! Baridi hivi? Mmenunua friji?"

Mama Chupa alitazama droo. Walikuwa wawili tu chumbani, hapakuwa na Mkuu wala bodi.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Tumenunua mwaka huu."

Maji yaliganda kwenye glasi, midomo ya msichana ikiwa bado ukingoni. Aliitoa glasi taratibu, akaiangalia, kisha akaiegemeza kwenye shavu lililoungua, akakaa hivyo hivyo mpaka barafu ilipoanza kulegea.

"Asante," alisema, na kipimajoto kikapanda nyuzi moja.