Beseni la Kunawia

Binti alikata tawi la tano la mmea wake wa miiba, na utomvu ukachuruzika mweupe kama maziwa. Akalichovya tawi kwenye beseni la maji ili utomvu ukatike, kisha akalilaza gazetini pamoja na mengine. Yangekaa hapo wiki nzima, yakauke mahali alipoyakata, ndipo ayapande kwenye mchanga mkavu. Glavu alivaa, miwani alivaa. Ila ndoo yake ya kuchovyea ilikuwa imepasuka, kwa hiyo siku hiyo alichukua beseni la nyumbani la kunawia.

Aliingia ndani kutafuta gazeti jingine. Aliporudi uani, shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa ameinamia beseni ananawa uso.

"Shangazi, acha hayo maji."

"Kwani umeanza kuyauza? Jua limenichoma njia nzima."

"Nimechovya miiba humo. Utomvu wake ni sumu."

Shangazi alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mbona macho yanawaka moto?"

Binti alivua glavu zake. Alimkokota hadi bombani, akafungulia maji.

"Fumbua macho, shangazi."

"Siwezi, mwanangu."

"Fumbua hivyo hivyo."

Dakika ishirini alimshikilia kichwa chini ya bomba, akimfungua kope kwa vidole. Macho hayo ndiyo yaliyomsomesha Binti chuo, sindano baada ya sindano.

"Utanigeuza samaki," shangazi alisema. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Sikuoni. Naona ukungu tu."

Daktari wa macho aliwapa dawa ya matone. "Mmefanya vyema kuosha mapema," alisema, "lakini kioo cha mbele cha kila jicho kimechubuka. Siku ya tatu tutajua."

Njiani Binti alishindwa kujizuia. "Ni mimi niliyeliacha beseni pale."

"Sasa nani mwingine? Nyumba nzima ni wewe tu unayefuga miiba."

Siku mbili macho yalivimba, hayakufunguka. Binti alitia matone huku akiogopa hata kupumua. Usiku hakulala; alisikiliza shangazi akipapasa ukuta kwenda msalani, na kila hatua ilimchoma moyoni.

Asubuhi ya tatu jicho la kushoto lilifunguka kidogo. Shangazi akamkazia Binti jicho hilo.

"Shangazi, unaona nini?"

"Naona mtu hajachana nywele siku tatu."

Binti akakaa chini sakafuni. Jicho la kulia la shangazi bado lilikuwa limefumba.