Niliingia, Nikaacha Jina Langu

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko kwenye baraza la ghala la chama cha wakulima, hapa Chiola, na bila meza hiyo sina pa kupata riziki. Niliposikia kikao cha Jumamosi kinataka kunifukuza, hasira zilinipanda.

Kosa langu? Chama kina mfumo wa kompyuta wa kuwatumia wanachama ujumbe: salfa ya kupulizia mikorosho imefika, mnada lini. Mimi nikiona kitu kimefungwa sina raha mpaka nijue kinavyofanya kazi. Nikajaribu namba ya siri 1234. Ukafunguka! Nikawaandikia wanachama wote: "Mfumo wenu uko wazi. Badilisheni namba ya siri. Mwamina, fundi simu, barazani."

Basi, nikawa mwizi wa mtandao.

"Huyu ni haka!" Mwenyekiti Ismaily alifoka kikaoni.

"Haka nakubali, mzee wangu. Wizi nakataa. Haka anafungua ili ajue, akiona tundu anasema. Anayevunja ili aibe anaitwa kraka, na huyo angewadanganya mumtumie hela za salfa. Tena jina lake asingeandika ng'o!"

Bi Sikudhani, mkulima wa ufuta aliyekaa mbele, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, hiyo namba alikuwa anaijua nani?"

"Wote! Tuliipitisha kikaoni, imo kwenye muhtasari. Chama hiki hatufichani kitu."

"Sasa siri yake iko wapi?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, kofia ikamdondoka.

"Haya, tupitishe mpya," akasema, na karani akashika kalamu. "Wanaokubali 5678, mikono juu!"

Mikono ikaanza kunyooka. Jamani, watu hawa!

"Shusheni!" nikapiga kelele. "Mkiipigia kura mtaijua tena wote!"

Mikono ikashuka. Bi Sikudhani akainuka. "Aiweke Mwamina. Sisi tusiione."

Nilimtazama mwenyekiti, nikijua meza yangu iko mdomoni mwake. Alikuna kidevu, akamtazama karani, kisha akaamuru, "Geukeni!" Akageuka yeye wa kwanza.

Watu themanini wakaangalia ukuta, nikabaki na kompyuta ya chama. Nilikosea mara mbili, maana machozi ya furaha yaliniziba macho nisione vitufe.

"Tayari?" mwenyekiti akauliza.

"Bado, mzee wangu. Nivumilieni kidogo."

Hakuna hata mmoja aliyechungulia.