Minyoo ya Namsifu, Mikono ya Mwalimu

1.

Andika koma kwenye karatasi. Mnyoo wangu mzima anatosha hapo.

Ni mwangavu kama kioo. Ukimweka chini ya hadubini unaona chakula kikishuka kooni, unaona mayai yakisubiri tumboni. Anazaliwa, anakua, anazeeka na kufa ndani ya wiki chache tu. Ndiyo maana tunamtumia. Ukitaka kuona ugonjwa wa ukubwani unavyoanza, kwa binadamu utasubiri nusu ya maisha yako.

Naitwa Namsifu Elinihaki. Nafanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja, Morogoro. Minyoo yangu imepandikizwa kipande cha jeni ya binadamu, kipande chenye kosa. Ikiwa michanga inaogelea vizuri. Ikikua inaanza

kujikunja

kusita

kusimama.

2.

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI

Mwalimu Elinihaki Mrutu,
Shule ya Msingi ____________

Kamati imejiridhisha kwamba umekuwa ukifika kazini ukiwa umelewa. Ushahidi: kuyumba unapotembea, kuangusha chaki, kurusha mabega na kukunja uso mbele ya wanafunzi. Utetezi wako kwamba hujawahi kuonja pombe umesikilizwa na haukukubaliwa.

3.

(Nje ya kanisa, milimani Upare.)

— Mwalimu leo kaja vilevile.

— Anakunywa saa ngapi jamani? Mbona hanuki?

— Wajanja hao. Wanatafuna karafuu.

4.

Mimi ni Nakiete, mdogo wake Namsifu. Mama alipofariki tulibaki mimi na baba. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati.

Niliwahi kumnusa kinywa akiwa amelala, Mungu anisamehe. Kilinuka chai. Lakini shule nzima inasema, kanisa zima linasema, mwishowe unaanza kupekua chini ya kitanda cha baba yako. Sikukuta chupa.

Nikajiambia anajua kuficha.

5.

Nilimleta baba Morogoro aangaliwe miguu. Kabla ya kwenda hospitali nikampitisha maabara, maana alikuwa akiniuliza kila mara hiyo minyoo inanipa nini. Nikamkalisha kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Namsifu, huyu mbona anakwenda hivi? Naye kalewa?"

Nikacheka. Nikamgeukia.

Bega lake la kushoto liliruka. Kisha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama vya mtu anayepiga kinanda. Miaka yote ile nilikuwa nimeinamia kioo.

Nikaacha kucheka.

6.

MAJIBU YA KIPIMO CHA DAMU

Jeni iliyochunguzwa: ina hitilafu.
Aina ya ugonjwa: wa ubongo, wa kurithi.
Tiba ya kuponya: haipo kwa sasa.
Mgonjwa aelezwe kwamba uwezekano wa kila mtoto wake wa kuzaa kuurithi ni nusu kwa nusu.
Watoto wa mgonjwa: wawili.

7.

"Kwa hiyo sikuwa mlevi," baba alisema.

"Hukuwa, baba."

Akalia. Mikono haikumtii, nikamfuta mimi. Nikamwambia majibu haya nitayapeleka shuleni, nitayapeleka kanisani, nitamsomea kila aliyemcheka. Akatikisa kichwa. Nikadhani ni ugonjwa.

"Nakiete anaposwa mwezi ujao," alisema.

"Najua."

"Mlevi ni mtu mmoja, mwanangu. Akizikwa, yamekwisha. Lakini kitu cha damu..."

Hakumaliza. Alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi, kwa hofu ambayo sikuiona usoni mwake hata siku aliposimamishwa kazi.

"Wakisikia, wataondoka. Na nani atakuja tena? Acha waniite mlevi. Nimeshazoea."

8.

Wewe unayesoma, ungefanyaje?

Mimi nilirudi kwenye minyoo. Mnyoo hana posa. Karibu wote wanajizalisha wenyewe, mmoja huyohuyo ni mama na ni baba, na watoto wanatoka na jeni ileile bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu yai, tunajua kila seli ya mwili wake imetokana na ipi. Tunajua mengi kumhusu kuliko tunavyojijua sisi.

Damu yangu sijaipima. Vifaa viko hapahapa mezani.

Sijaipima.

9.

Nakiete alinipigia simu.

"Dada, baba ana nini?"

"Nani kakwambia ana kitu?"

"Amerudi anatabasamu peke yake. Halafu akiniona ananyamaza."

Nikamwambia. Yote, hata ile nusu kwa nusu. Nilisikia kuku wakilia uani kwao, kisha nikasikia kiti kikivutwa.

"Nilipekua chini ya kitanda chake," alisema.

"Nakiete."

"Nilipekua, dada."

Hakuniuliza kama yeye mwenyewe ameurithi. Nikamuuliza kama mchumba wake, Sifaeli, aambiwe.

"Baba kasema nini?"

"Tunyamaze."

Akakata.

10.

Walikuja asubuhi kuniposa, Sifaeli na baba zake wadogo wawili. Nikaitwa nitoke kuwaamkia.

Ndipo baba alipotoka chumbani na chupa ya bia.

Sijui aliipata wapi. Aliketi mbele ya wageni, akamimina. Bia nyingine iliingia kwenye glasi, nyingine ikaenda kwenye suruali yake ya kanisani. Baba mdogo mmoja akamnong'oneza mwenzake, nasi tukasikia: "Ndiye huyo. Ila binti hana mambo hayo."

Baba naye alisikia. Niliona alivyofurahi.

Akanywa. Uso ukamkunjika kama wa mtoto aliyepewa dawa chungu. Dada Namsifu, aliyekuja kwa ajili ya posa, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, analia bila sauti. Baba akainua tena.

Nikasimama, nikaitoa glasi mkononi mwake.

"Baba yangu hanywi pombe," nilisema.

"Kaa chini, Nakiete."

"Hajawahi."

Wageni wakatazamana. Sifaeli akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Kama hanywi, basi ana nini?"

Baba akanishika kifundo cha mkono ulioshika glasi, kwa nguvu, akiniomba. Bia ilikuwa inatikisika ndani ya glasi. Ni mkono wake unaoitikisa, si wangu. Lazima ni wake.

"Niachie, baba," nilimwambia.

Akaniachia.

Nikaitazama glasi.