Uvamizi Saa Nne na Robo

Mashine za zamani zilikuwa na adabu. Ukizizima zilizimika, zikanyamaza, na mtu akaenda zake kunywa chai. Hizi mpya zilizoletwa shirika la maji zilikuwa na kiherehere. Ndani ya kila seva mlikuwa na kadi ndogo, isiyozidi kiganja, yenye waya wake na akili yake, ambayo haikulala hata seva yenyewe ikizimwa. Kadi hiyo ilikuwa na ukurasa wake wa mtandao. Mtu aliyekaa makao makuu, mwendo wa siku nzima kwa basi, alifungua ukurasa huo akaona joto la mashine, mwendo wa feni, na kitufe cha kuwasha na kuzima. Kila kitu kikiwa salama, doa la kijani. Kikiharibika, jekundu.

Aliyechomeka nyaya zote ishirini na nne za kadi hizo alikuwa Masikio, fundi wa chumba cha seva kwa miaka kumi na tisa. Jina lake la kwenye faili lilishasahaulika. Aliitwa Masikio kwa sababu alisikia feni inayougua siku mbili tatu kabla haijafa. Alipita katikati ya rafu, mashine zikivuma mpaka watu wengine wanapigiana kelele ndipo wasikilizane, akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Huyu hapa anakohoa." Na kweli anakohoa. Wenzake walimtania kwamba nyumbani kwake mkewe hathubutu hata kunong'ona.

Na aliyekaa makao makuu na ukurasa wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Mhandisi. Wazazi walipofariki, Masikio aliacha shule ili huyu aendelee. Alimfulia sare, alimfundisha kushika bisibisi, alimwombea nafasi ya mafunzo hapo hapo kwenye shirika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mhandisi alisifiwa sana. Aliwaambia wakubwa kwamba kwa mfumo huu hakuna kitakachoharibika bila ukurasa kukiona kwanza. Wakubwa wakapiga makofi. Masikio alipopata habari naye akapiga makofi, peke yake jikoni, maskini wa watu.

Ukurasa ulikuja na maneno ya Kiingereza na mkurugenzi alitaka Kiswahili. Kwa hiyo Mhandisi akawa anapiga simu kila mchana.

"Kaka, shikamoo. Nisaidie neno. Kuna kitu humu kinajua mfuniko wa mashine ukifunguliwa. Niandike nini?"

"Marahaba. Si uandike mfuniko umefunguliwa?"

"Refu, kaka. Nafasi ni ya neno moja tu."

Masikio alikuwa anakula, akacheka na tonge mdomoni. "Basi andika uvamizi. Hawa wanaopenda kushikashika mashine zetu watashika adabu."

Wakacheka wote wawili, kama enzi zile walipolala kitanda kimoja na kugombania shuka. Neno likaandikwa. Mdomo huponza kichwa, lakini nani hukumbuka kichwa chake wakati anacheka na mdogo wake?

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, Masikio alisikia seva ya nane inakohoa. Akampigia Mhandisi.

"Ya nane, feni ya tatu inakufa. Nataka kuibadilisha."

"Huku naona kijani, kaka. Zote zinazunguka vizuri."

"Kuzunguka inazunguka. Hata mgonjwa hutembea. Haimalizi siku hii, nakwambia."

"Haya, wewe ndiye Masikio. Badilisha tu."

Feni hizo hubadilishwa mashine ikiwa kazini, na Masikio alishafanya hivyo mara zisizohesabika. Saa nne na robo alifungua mfuniko, akachomoa feni mbovu, na kabla hajachomeka mpya seva ikazimika mikononi mwake. Mhandisi alikuwa ameiamuru kadi kwamba ikiona uvamizi na feni imesimama kwa pamoja, izime kila kitu papo hapo. Kumwambia kaka yake, Mhandisi alisahau. Na seva ya nane ndiyo iliyohudumia madirisha ya wateja. Dakika hamsini nzima foleni ilirefuka mpaka getini, watu wakitukana walio hai na waliokufa.

Ijumaa Masikio akaitwa kwa mkurugenzi. Mhandisi alikuwa amesafiri kuja, amekaa upande ule wa meza, tai shingoni. Mkurugenzi alishika karatasi moja iliyochapwa kutoka kwenye ukurasa, akaisoma polepole.

"Saa nne na robo: uvamizi. Saa nne na robo: feni ya tatu imesimama. Saa nne na robo: seva imezimwa." Akavua miwani. "Uvamizi, mzee. Kwenye chumba ambacho ufunguo unao wewe peke yako."

"Mkurugenzi, neno hilo maana yake mfuniko umefunguliwa, basi. Tulilichagua kwa utani. Na feni ilikuwa inakufa."

"Hapa hapajaandikwa kwamba ilikuwa inakufa. Kabla ya uvamizi kila kitu ni kijani."

Masikio akamgeukia mdogo wake. Wala hakuwa na wasiwasi, na hilo ndilo linalouma. "Mdogo wangu, waeleze. Si nilikupigia?"

"Ndugu hupigiana kila siku," mkurugenzi alisema. "Mhandisi, kuna la kueleza?"

Sentensi mbili zingetosha: kwamba kaka alisema mapema, na kwamba ukurasa haukuona. Lakini hiyo ya pili ilikuwa na miiba, maana ukurasa usioona ni Mhandisi aliyedanganya wakubwa. Akarekebisha tai yake.

"Mfumo unaandika kilichotokea," alisema, akitazama meza. "Mimi siwezi kuongeza wala kupunguza."

Na wala hakusema uongo. Uongo angalau mtu angeubishia.

"Feni yenyewe ipo kwenye droo yangu," Masikio alisema. "Tuiwashe muisikilize."

Mkurugenzi alitabasamu, si kwa ubaya. Chumba sasa kingetunzwa kutoka makao makuu, alisema, na Masikio akabidhi funguo baada ya wiki moja. Damu ni nzito kuliko maji, watu husema. Basi hawa walikuwa watu wa shirika la maji.

"Mpigie umwambie alichokufanyia," mkewe alimhimiza nyumbani.

"Nimwambie nini asichokijua?"

Kazi ilimuuma, asikudanganye mtu. Lakini kilichomnyima hamu ya kula wiki nzima ni vile mtoto aliyemlea alivyoitazama ile meza.

Siku ya kukabidhi, Mhandisi alikuja mwenyewe chumba cha seva, ukurasa umefunguliwa kwenye simu yake. Mashine zilikuwa zinavuma. Masikio alikuwa anatoa funguo mfukoni aliposimama ghafla na kuinamisha kichwa.

"Kaka, usinikasirikie," Mhandisi alianza. "Ningesema pale, mfumo wote ungeonekana haufai. Mambo yakitulia nitakutafutia..."

"Ukurasa wako unasemaje leo?"

Mhandisi akaangalia simu. "Kijani. Ishirini na nne zote."

Mkono wa Masikio ulikuwa umeshaelekea kwenye mfuniko, kwa mazoea tu. Akaurudisha. Akaziweka funguo kwenye kiganja cha mdogo wake na kumfumba vidole, kama alivyokuwa akimpa nauli ya shule.

"Basi ni kijani," alisema, akaenda zake mlangoni.

"Kaka, kwani unasikia nini?" Mhandisi aliita. "Kaka! Ni ipi?"

Ndilo swali Masikio alilolingoja siku ile mbele ya mkurugenzi. Alifunga mlango nyuma yake. Kupitia kioo alimwona mdogo wake ameweka sikio kwenye seva ya sita, halafu ya saba, halafu ya kumi, simu imening'inia mkononi.

Ilikuwa ya tatu. Masikio alivaa kofia yake akaondoka.