Mstari wa Mbele kwenye Mgowe wa Mama

Tangu kaka yake Timoth amwoe Feliciana, Rebeka hajapata raha. Ukimuuliza atakwambia ni baridi ya kijijini kwake Yakobi. Baridi gani, jamani? Ni wivu, wivu mtupu, ule unaokukaba umekaa zako kwenye cherehani unashona suruali ya mtu.

Feliciana anaishi Makambako, anauza vitenge sokoni. Mwaka huu aliingia kwenye chalenji ya kula safi: mwezi mzima hakuna sukari, hakuna mafuta ya kukaangia, hakuna ugali wala wali wala viazi, na kila asubuhi mazoezi. Picha zikaanza kumiminika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Feliciana na raba mpya, Feliciana na bakuli la mboga, Feliciana kiuno kimerudi cha usichana. Mama yake Rebeka, ambaye simu alinunuliwa ya kupigia tu, akajifunza kubonyeza alama ya moyo. Kwenye picha za Rebeka hajawahi kubonyeza kitu.

Basi Rebeka naye akaianza chalenji, kimyakimya, asije mtu akasema anaiga. Mboga ya chainizi ya kuchemsha, nusu parachichi, chai ya rangi bila sukari. Alfajiri anakimbia kutoka Yakobi hadi mjini Njombe na kurudi, ukungu umemfunika, halafu anakaa kwenye cherehani kutwa. Waanzilishi wa chalenji walionya kwamba anayekula kidogo hivyo afanye mazoezi mepesi tu. Hayo aliyaona ni ya watu walegevu. Wifi yake akitembea, yeye atakimbia. Wifi akikimbia, yeye ataongeza mlima. Nguo zikampwaya, sawa, lakini na mikono ikaanza kutetemeka akitunga uzi kwenye sindano. Akasingizia uzi.

Na mateso yote hayo yalikuwa na siku yake, siku ya mgowe wa mama. Kwenye mgowe majirani na ndugu hukusanyika kulima shamba la mmoja, na mwenye shamba anawalisha. Watu hujipanga, na anayeshika mbele ndiye anayeweka mwendo wa majembe yote. Kwenye shamba la mama, mbele ni pa Rebeka tangu hajaolewa. Hana cheo kingine duniani, masikini, zaidi ya hicho. Mwaka huu Feliciana alikuwa anakuja kulima, mwepesi, mkakamavu, kipenzi cha kila mtu, na Rebeka aliapa kwamba nafasi ile haimtoki.

Siku yenyewe aliianza kwa kukimbia. Ndiyo, siku ya kulima, mtu na akili zake anakwenda kukimbia. Akafika kwa mama miguu ikiwa mizito, akakuta wanawake wanaota moto jikoni, akawaamkia kamwene, wakaitikia. Na pale kwenye kigoda kando ya mama, wifi yake alikuwa anakula viazi vya kuchemsha na maharage, anatafuna bila wasiwasi. Kumbe chalenji kaivunja! Rebeka alifurahi mpaka furaha ikamtia aibu kidogo.

Feliciana akamsogezea bakuli. "Wifi, kula. Leo ni jembe. Siku ya kazi ngumu mimi nakula, kesho nitaendelea na chalenji yangu."

Yalikuwa maneno mazuri, na ndiyo maana Rebeka hakuyaamini. Huyu keshashindwa, aliwaza, sasa anatafuta mwenzake wa kushindwa naye. Akajibu kwamba ameshakula kwake. Mama alimtazama usoni.

Shambani akashika mbele. Alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Udongo wa mvua za kwanza ulikuwa unapinduka wenyewe, na nyuma yake aliyasikia majembe ya wenzake, la Feliciana likiwa karibu kuliko yote. Akaongeza mwendo ili amwache. Lile jembe nalo likaongeza, halibanduki mgongoni kwake. Akaongeza tena, kwa hasira sasa. Masikio yakavuma, tuta moja akaliona matuta mawili, na alipokuja kupata fahamu amekaa chini kwenye udongo na Feliciana kamshika mabega, anamwita mama.

Walimtoa pembeni wakamfunika blanketi. Mstari ulikuwa umesimama, watu wanasubiri, na mama akasema neno lile ambalo Rebeka aliliogopa mwezi mzima.

"Feliciana, shika mbele."

Akashika. Na anajua, bwana. Mwendo wake haumchoshi mtu. Rebeka alitazama huku analia, wala hakujali nani anamwona.

Mama akaja na sahani ya ugali na maharage, akakaa kando yake, akamuuliza ni lini mara ya mwisho alikula akashiba. Rebeka akafuta machozi. Alisema tu kwamba kama mama alitaka kumpa mkwewe nafasi ile, angemwambia mapema.

"Nilishampa," mama alisema. "Jana aliposhuka kwenye gari kutoka Makambako nilimwambia aongoze yeye, maana wewe nakuona umekonda, unatetemeka. Akakataa. Akasema mbele ni pa wifi, yeye atakaa nyuma yako karibu, ili ukianguka akudake."

Rebeka akaitazama sahani. Mtu mwingine angeona aibu na mambo yakaishia hapo. Yeye aliona aibu, ndiyo, tena kubwa, lakini chini ya aibu wivu ulikuwa palepale na umenenepa: hata kwa roho nzuri, kazidiwa. Akamega tonge, akala, akamega jingine. Sahani ilipoisha akaomba nyingine. Mama alipoifuata, yeye alibaki anamtazama wifi yake kule mbele, anamtafutia kosa moja tu la kumchukia, na hakulipata.