Bosi Aenda Kujitolea

Jina la Bosi alipewa na dada yake tangu utotoni, na halikuwa la sifa. Nyumbani kwao Bosi alikuwa akimaliza kula anasukuma sahani mbele kidogo, kisha anarudi kwenye vitabu vyake. Sahani iliondoka yenyewe. Maji ya kuoga yalifika bafuni yenyewe, na shati lilijipiga pasi lenyewe. Huyo "mwenyewe" alikuwa dada, aliyeacha shule ili kaka yake aendelee.

"Mwache asome," mama alikuwa akisema. "Huyu ndiye atakayetutoa."

Akasoma kweli, akapata nafasi ya chuo ng'ambo. Alipofika mwaka wa pili, chuo kikatangaza huduma ya kujitolea vijijini: wakati wa likizo fupi wanafunzi wangekaa na wazee na kuwasaidia kazi za nyumbani. Bosi alijiandikisha wa kwanza. Alikuwa amesikia kwamba wanaoomba ufadhili wa shahada ya juu hutazamwa kwa jicho jema wakionyesha huruma, naye huruma alikuwa nayo tele, haijawahi kutumika.

Wakagawiwa fulana za njano zilizoandikwa mgongoni TUMEKUJA KUTUMIKIA, wakapakiwa kwenye basi la chuo. Bosi akakabidhiwa kwa mjane mmoja mwenye mbuzi, kuku na ulimi.

"Geuka nikuone," mjane alimwambia mlangoni. Bosi akageuka. Mjane akasoma maandishi ya mgongoni bila haraka. "Haya, mtumishi. Vyombo viko nyuma."

Bosi alichuchumaa mbele ya beseni, akakutana na kikaango cheusi, cha aina ile isiyogandisha chakula. Akakishambulia kwa waya wa kusugulia mpaka weusi wote ukabanduka, akakipeleka ndani kifua mbele.

"Kilikuwa na masizi sana, bibi."

Mjane akakigeuza huku na huku. "Mjukuu wangu," akasema, "hayo masizi nilikinunua nayo."

Siku iliyofuata mpigapicha wa kundi akapita nyumba hadi nyumba. Bosi alimwomba asubiri kidogo, akajimwagia maji usoni yafanane na jasho, akampakata mwanambuzi mkono mmoja na kushika sufuria kwa mwingine. "Mimi," akaiambia kamera, "nimelelewa katika familia inayothamini kazi za mikono." Mwanambuzi akapiga kelele, lakini hilo lilikatwa.

Chuo kikairusha video hiyo, watu wakasambaziana, na hatimaye ikaingia kwenye simu ya dada yake, aliyekuwa uani akikamua shuka. Dada akaitazama mpaka mwisho. Akafuta mikono, akampelekea mama ndani.

Mama akapiga yowe. "Wamemfanya mtumwa mwanangu!"

"Tazama vizuri, mama. Anacheka."

Mama akatazama tena. Kweli, meno yote nje. "Kumbe anajua kuchuchumaa," akasema, kwa sauti ndogo.

Wakampigia simu ya video. Bosi alikuwa bandani, na mjane alikuwa pembeni akimwonyesha kwa mara nyingine mlango wa banda unavyofungwa.

"Nipe huyo mama niongee naye," mama akaamuru.

"Mama, hajui lugha yetu."

"Wewe si umesoma? Tafsiri. Mwambie, mama mwenzangu, huyo hapo hajawahi kuniosha hata kijiko."

Bosi akamgeukia mjane. "Mama anakushukuru kwa kunipokea."

"Mwambie umeniharibia kikaango," mjane akajibu, "na mbuzi wakikuona wanaacha kula."

"Anasema mmenilea vizuri," Bosi akamwambia mama.

Mama akakunja uso. "Mbona anasema mazuri huku amenuna?"

Mjane naye hakuwa wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaingia ndani, akatoka na kikaango kilichochunika, akakisogeza mbele ya simu. Mama akakikazia macho. Kisha akamnyooshea Bosi kidole, akasukuma sahani ya hewani, akajilaza kitini na kufumba macho kama mfalme aliyeshiba. Mjane akaelewa papo hapo. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda, na mama huku akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkalimani akabaki ameinua simu juu, hana kazi.

Dada hakucheka. Akaingiza uso wake kwenye kioo. "Likizo kubwa unakuja?"

"Nakuja."

"Vizuri." Akakata.

Bosi alipofika nyumbani alimkuta mama peke yake.

"Dada yuko wapi?"

"Ameondoka asubuhi kwenda kwa shangazi yenu. Amesema anakwenda kujitolea."

"Kwani shangazi anaumwa?"

"Haumwi. Ana kochi na televisheni." Mama akajikanda goti. "Maji yameisha, baba."

Bosi akawaka. Alimpigia dada mara kadhaa bila kupokelewa. Mwisho akatumiwa picha ya nyayo mbili juu ya stuli, imeandikwa chini: *Nahudumu.* Akapendekeza waite binti wa jirani. Mama akakataa katakata. "Nilete mtu wa nje nina mtaalamu ndani? Nimekuona kwenye video."

Basi akachota maji. Akaunguza wali, akafua shuka zikatoka na madoa mapya. Jioni moja mama alitaka kwenda kulala. Akanyoosha mikono juu kama mtoto mdogo, akatulia, akasubiri. Bosi akasimama mbele yake asijue amshike wapi. Goti lile lilikuwa bovu tangu yeye yuko sekondari, naye hakuwahi kujiuliza mama hufikaje kitandani.

"Dada huwa anakushikaje?"

"Kwapani. Taratibu. Usinivute."

Akamshika, akamwinua. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Dada alirudi siku moja ghafla, mashavu yamejaa. Bosi alikuwa ameandaa lawama zake kwa mpangilio, kama mtu anayetetea tasnifu, lakini dada hakumpa nafasi.

"Shuka umefua?"

"Nimefua."

"Goti?"

"Nampaka dawa kila jioni."

"Basi nimekuja kuchukua nguo. Shangazi amenipatia nafasi ya kujifunza ushonaji. Naanza Jumatatu."

"Na mimi chuo?"

"Mtafutie mama msaidizi. Wewe ndiye mwenye uzoefu wa kujitolea."

Bosi akatoka kwenda kwa majirani. Katika nyumba ya kwanza alieleza kwamba ni kazi ya kujitolea, inayojenga utu, inayomfungua mtu macho. Mlango ukafungwa kabla hajafika kwenye macho. Katika ya pili walimsikiliza hadi mwisho, wakamcheka. Alipobisha katika ya tatu alitaja mshahara kwanza.

Huyo wa nyumba ya tatu ndiye anayemwinua mama mpaka sasa. Hulipwa kila mwezi, kutoka kwenye posho ya Bosi ya chuo. Na dada Jumatatu ile alikaa kwenye cherehani, akashona mshono wake wa kwanza. Ulikwenda upande.